Kubadilisha Oili ya Giaboksi ya Manuali Nyumbani: Anza na Boliti ya Juu

Mwezi huu peke yake nimeitwa mara tatu kwenda kumnusuru mtu aliyelala chini ya gari lake. Wa kwanza, kule Chuno, hapa Mtwara, alimwaga oili yote ndipo akagundua kwamba boliti ya kujazia imeshikwa na kutu na haifunguki. Gari likakaa uani siku 4 bila hata tone ndani ya giaboksi. Wa pili alijaza oili pua ya gari ikiwa juu ya jeki, ikafurika mapema, akafunga akiamini imejaa. Wa tatu, kaka mmoja wa Mikindani, alimwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha akaongeza lita 4 kwenye injini ambayo haikuwa imepungua kitu.

Huyo wa tatu alinipigia akiwa na ufunguo mkononi. Nikamwambia, "Kaka, usiwashe. Hata sekunde moja, usiwashe."

Makosa ni hayohayo kila mwaka, na kazi yenyewe si ngumu: boliti mbili, gari lililokaa sawa na oili sahihi. Kwa mara ya kwanza tenga saa mbili. Haya yote ni ya giaboksi ya manuali tu. Otomatiki ina utaratibu wake, usiifanyie hivi.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujagusa boliti yoyote. Kukimbilia duka la spea gari likiwa limefunguliwa tumbo ndiko kunakozaa haraka, na haraka ndiyo inayoharibu nyuzi za boliti.

- Oili mpya, nusu lita zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Magari madogo mengi huchukua kati ya lita 1.5 na 3.
- Spana ya soketi na racheti yake. Kwenye Toyota nyingi ni namba 24. Nyingine zina tundu la pembe sita linalotaka spana ya L ya 10. Nissan nyingi zina tundu la mraba, na mkia wa racheti ya nusu inchi huingia humo bila soketi.
- Kipande cha bomba la chuma cha kurefusha mkono wa spana.
- Washa mpya 2 (zile pete bapa zinazokaa chini ya kichwa cha boliti), za shaba au alumini, za kipimo cha boliti zako.
- Mrija laini wa mita 2 unaopita kwenye tundu la kujazia, na funeli inayouingia.
- Beseni la lita 5 au zaidi, na dumu lenye alama za lita.
- Brashi ya waya, matambara, mafuta ya kulegeza kutu, glavu na tochi.
- Kama gari lako ni la chini: jeki, stendi 4 za chuma, kabari za magurudumu na vipande vya mbao nene.

Wapo wanaotumia bomba kubwa la sindano kutoka duka la pembejeo badala ya mrija na funeli. Linafanya kazi, ila oili ya gia ni nzito kama uji wa ulezi, na mkono utachoka kabla lita ya kwanza haijaisha.

## Oili ipi

Hapa ndipo pesa inapopotelea, kwa hiyo tulia kidogo.

Magari mengi ya manuali yaliyoko barabarani kwetu yanataka 75W-90. Namba hiyo ni ya uzito. Kwenye kopo hilohilo utaona GL-4 au GL-5, na hapo ndipo wengi wanapoamua kwamba 5 ni kubwa kuliko 4, basi ni bora zaidi. Sivyo.

GL-5 ilitengenezwa hasa kwa difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, ambako meno ya gia husuguana kwa kuteleza huku yakikandamizana vikali. Ili kuyalinda, imewekewa dawa nyingi zaidi zenye salfa na fosforasi. Ndani ya giaboksi ya manuali kuna pete, nyingi zikiwa za shaba nyeupe, ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Pete hizo zinahitaji msuguano kidogo ili zifanye kazi, na baadhi ya GL-5 huziacha zikiteleza au huzila taratibu. Salfa kwenye mikorosho inafukuza ugonjwa wa ubwiriunga. Kwenye shaba inaweza kuwa ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo fuata kitabu. Kikisema GL-4, weka GL-4. Vipo vitabu vinavyoruhusu zote mbili, hapo huna tatizo. Na usidhani kila giaboksi inatumia oili ya gia: baadhi ya Isuzu hutumia oili ya injini, Honda wana oili yao ya manuali, na yapo magari ya manuali yanayotumia haidroliki ileile ya otomatiki. Ukimimina 75W-90 kwenye giaboksi iliyoundiwa haidroliki, gia zitakuwa nzito kama unachota mchanga.

Utasikia pia ushauri huu mtaani: "Mtwara kuna joto bwana, weka 140." Mimi siukubali. Oili ya 85W-140 ni ya difu za magari mazito. Kwenye giaboksi ndogo itafanya gia ya pili igome kila asubuhi, halafu utaanza kumlaumu fundi wa klachi.

## Ni wakati wa kubadilisha?

Watengenezaji wengi hutaja umbali kati ya kilomita 40,000 na 80,000. Kama gari lako ni kirikuu au pikapu inayobeba magunia ya korosho kutoka Tandahimba au kupanda Newala, shika namba ndogo. Kupanda mlima kwa gia ya pili ukiwa na mzigo huipasha oili kuliko safari nzima ya tambarare kwenda Lindi.

Kuna sababu moja isiyosubiri kilomita: maji. Giaboksi ina kipumulio juu yake, kitundu kidogo cha kutolea hewa. Ukiingia kwenye maji yenye kina giaboksi ikiwa ya moto, inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kipumulio kikiwa majini kinavuta maji badala ya hewa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Lindi, wengi walivuka madimbwi wakashukuru Mungu kwamba injini haikuzima. Injini ilipona, giaboksi ikanywa. Ukivuka maji yaliyofika usawa wa giaboksi, fungua uangalie wiki hiyohiyo.

## Hatua ya 1: Zitambue boliti zako, siku moja kabla

Lala chini na tochi, usifungue kitu. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla nyingi, giaboksi iko ubavuni mwa injini, na mihimili ya magurudumu inatokea humo. Kwenye Hilux au Hiace iko nyuma ya injini katikati ya gari, na propela inaanzia kwake kwenda kwenye difu ya nyuma.

Tafuta boliti mbili kubwa: moja chini kabisa, ya kumwagia, na nyingine ubavuni juu zaidi, ya kujazia. Boliti ya kumwagia oili ya injini iko kwenye sampu, lile beseni la bati au alumini chini ya injini, na mara nyingi ni ndogo zaidi. Kama huna hakika ipi ni ipi, simama hapo. Kaka wa Mikindani alikuwa na haraka ya kuwahi mnada.

Onyo: kwenye mwili wa giaboksi kuna boliti nyingine zisizohusika. Baadhi zimeshikilia springi na gololi zinazotuliza gia mahali pake, nyingine ni swichi ya taa ya rivasi. Ukifungua yenye springi, gololi inaweza kuruka au kudondokea ndani, na hapo kazi ya saa mbili inageuka kuwa kushusha giaboksi. Kama gari ni la kuvuta magurudumu manne, kumbuka pia kwamba transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, iliyo nyuma ya giaboksi, mara nyingi ina boliti zake mbili na oili yake.

Ukishazijua, zisugue kwa brashi ya waya hadi tundu au kona zake zionekane safi, kisha zipulizie mafuta ya kulegeza kutu uziache zilale. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, chumvi ya upepo inafanya boliti ziote mizizi. Usiku mmoja wa kulowana unapunguza nusu ya ugomvi wa kesho.

## Hatua ya 2: Pasha oili moto kidogo

Endesha dakika 10 hadi 15 ukipitia gia zote. Oili yenye uvuguvugu inatoka haraka na inabeba uchafu uliotulia chini. Isiwe ya moto sana: ukirudi, acha gari dakika 15, kwa sababu silensa inapita jirani na mahali mkono wako utakapokuwa.

## Hatua ya 3: Liweke gari sawa, na salama

Sawa maana yake mbele na nyuma kwa kimo kimoja. Oili hupimwa kwa mdomo wa tundu la kujazia. Gari likiinama, kipimo kinadanganya. Hilux na Hiace nyingi zina nafasi ya kutosha kuingia chini bila kuinuliwa, na hiyo ndiyo njia bora kuliko zote: tafuta sakafu tambarare, weka handibreki na kabari, ingia.

Gari la chini linataka kuinuliwa pembe zote nne na kukalishwa kwenye stendi 4. Viwanja vingi vya nyumba zetu ni mchanga, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, la sivyo mguu mmoja utazama polepole wakati uko chini.

Usikalishe gari juu ya bloku za saruji zilizofyatuliwa mtaani. Bloku haitoi dalili; inapasuka mara moja. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa "nachungulia tu". Kabla hujaingia, lisukume gari kwa nguvu ubavuni. Likitikisika, shusha uanze upya.

## Hatua ya 4: Fungua boliti ya kujazia KWANZA

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya yule ndugu wa Chuno. Kama boliti ya juu haifunguki na oili ya zamani bado imo, hujapoteza chochote: unashuka, unaendesha hadi gereji, unawaachia wao. Ukiwa umeshamwaga, gari halitembei.

Tumia soketi ya pembe 6, si ya pembe 12, na hakikisha imeingia hadi mwisho. Ongeza kipande cha bomba, vuta kwa nguvu moja thabiti. Usitumie spana ya malaya, ile ya mdomo unaorekebishwa. Italainisha kona za boliti, na boliti ya mviringo haina rafiki.

Ikigoma, pulizia tena, gonga kichwa chake kwa nyundo mara kadhaa, subiri, jaribu. Ikigoma mara ya tatu, funga kazi. Hakuna aibu.

Mafanikio: boliti imetoka, na unaweza kuingiza kidole tunduni. Oili kidogo ikichuruzika, giaboksi ilikuwa imejaa vizuri. Kidole kisipogusa oili hata ukikikunja kuelekea chini, ilikuwa imepungua, na lazima ujue imekwenda wapi.

## Hatua ya 5: Mwaga

Weka beseni, fungua boliti ya chini. Ikibaki nyuzi mbili tatu, iendeleze kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha iondoe kwa mkato mmoja, usije ukapokea oili kwenye kiganja. Mkondo wa kwanza huruka mbali kidogo, kwa hiyo beseni lisikae chini ya tundu hasa, lisogeze mbele ya mkondo.

Acha ichuruzike dakika 20. Usiwashe gari "ili imalizike".

## Hatua ya 6: Isome oili ya zamani

Usiruke hatua hii, hapa giaboksi inakusimulia maisha yake.

Boliti nyingi za kumwagia zina sumaku. Ute wa kijivu unaofanana na udongo laini ni kawaida. Ni vumbi la chuma la miaka. Vipande unavyoweza kuvihesabu, vyenye kona, ni jino au beringi inayovunjika, na oili mpya haitaiponya.

Chekecha oili kwenye mwanga. Vimeta vya rangi ya dhahabu vikiwa vingi ni zile pete za shaba zinaisha. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Hapo jaza oili ya bei nafuu yenye viwango vilevile, endesha siku chache, imwage tena, ndipo uweke ile nzuri. Pia kagua mpira wa kipumulio, mara nyingi umepasuka au umechomoka.

Mwisho, mimina kwenye dumu lenye alama upime. Kitabu kikisema lita 2 na umepata lita 1.2, huenda kuna sili (mpira wa kuzuia oili isitoke) inayovuja. Angalia mihimili ya magurudumu inapotokea kwenye giaboksi, au propela inapoingilia.

## Hatua ya 7: Funga ya chini

Futa sumaku iwe safi, futa uso wa tundu, weka washa mpya. Washa ya zamani imeshabonyea kwa umbo la mkazo wa kwanza na haitaziba vizuri tena. Ukikosa mpya na iliyopo ni ya shaba, ipashe kwenye moto hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, isugue: shaba inarudi laini. Ya alumini usiifanyie hivyo. Boliti zenye umbo la kuchongoka hazina washa kabisa. Hizo hupakwa gundi ya nyuzi.

Anza kwa vidole, mizunguko mitatu minne bila spana. Ikikaza mapema imeingia kombo, irudishe. Mwili wa giaboksi ni alumini, boliti ni chuma, na anayeshindwa kwenye ugomvi huo siku zote ni alumini. Toyota nyingi hutaka mkazo wa karibu nyutoni-mita 37 hadi 40. Kama huna spana ya kupimia, vuta racheti fupi kwa mkono mmoja hadi ikaze, ongeza kidogo, acha. Kile kipande cha bomba ni cha kufungulia tu.

## Hatua ya 8: Jaza

Tafuta mtu wa kukusaidia. Pitisha mrija kutoka juu, kwenye nafasi ya injini, uteremke hadi tundu la kujazia, uuingize ndani sentimita kadhaa. Yeye anasimama na funeli juu, wewe uko chini unatazama. Amimine kidogo kidogo. Mwambie kabisa kwamba ukisema "basi" anyanyue kopo hapohapo, maana oili iliyomo njiani itaendelea kushuka.

Imejaa pale inapoanza kutoka kwenye tundu lenyewe. Chomoa mrija, acha ziada itiririke mpaka mkondo uwe mwembamba kama uzi, halafu matone. Kidole kilichokunjwa kigonge oili usawa wa mdomo wa chini wa tundu, au isizidi milimita 5 chini yake.

Linganisha na kilichotoka na kilichoandikwa kitabuni. Kama kitabu kinasema lita 2 na oili imeingia lita 1 tu ikaanza kumwagika, gari halijakaa sawa. Usifunge. Rudi hatua ya 3.

Kujaza kupita kiasi si ukarimu pia. Oili iliyozidi hutafuta njia kwenye kipumulio na sili, na kwenye magari mengi sili ya mbele ni jirani wa klachi. Klachi iliyolowa oili huteleza, na hiyo ni gharama ya kushusha giaboksi.

## Hatua ya 9: Funga ya juu, jaribu

Washa mpya, vidole kwanza, mkazo uleule. Futa giaboksi yote iwe kavu ili uvujaji wowote mpya uonekane. Shusha gari, washa injini, kanyaga klachi, pitia gia zote pamoja na rivasi ukiwa umesimama. Kisha zunguka kilomita 5.

Ukirudi, tandika boksi la karatasi chini usiku kucha. Asubuhi boksi likiwa kavu na gia ya pili ikiingia bila kukwaruza, umemaliza. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boneti.

## Oili chafu

Usiimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia kwenye mikoko na baharini. Najua wengi hupaka miti ya uzio ili mchwa wasile. Karibu na kisima, usithubutu. Irudishe kwenye makopo ya ile mpya, peleka gereji yenye pipa la oili chafu.

## Gia bado zinagoma?

Zima injini, jaribu kuingiza gia. Kama zinaingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa lakini zinakwaruza ikiwa inanguruma, hasa rivasi, tatizo liko kwenye klachi: haiachii yote. Angalia mafuta ya klachi kwenye chupa yake, au urefu wa kebo.

Kama ni gia moja tu inayokwaruza, na nyingine zote ziko sawa, ni pete ya gia hiyo. Oili mpya inaweza kuituliza kwa miezi kadhaa, na ukisubiri nusu sekunde kwenye nyutro kabla ya kuiingiza utaipa muda zaidi. Kama kuna mlio wa kuunguruma unaopotea ukikanyaga klachi, hiyo ni beringi ya mhimili wa kuingilia. Anza kuweka akiba ya kushusha giaboksi kabla ya msimu wa korosho, kwa sababu Oktoba ikifika mafundi wote wazuri wako kwenye malori.